Mwendo wa Wanyonyeshao

Somo: Mwanzo 33:12-17, pamoja na 1 Samweli 1:21-24

Tunawaomba mfungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, msome polepole mistari tuliyoiandika hapo juu. Ni habari ya safari. Tumeichagua kwa ajili ya wamama wenye watoto wadogo na kazi wanayoifanya, kwa maana hata katika barua nyingi za kanisa jambo hili linapitwa haraka, kama vile ni mambo ya jikoni tu.

Yakobo anarudi kutoka kwa Labani baada ya miaka 20. Anakutana na Esau, ndugu yake, ambaye anakuja na watu 400. Wanakumbatiana, wanalia, na Esau anasema waende pamoja, yeye atangulie. Ni neno zuri la ndugu kwa ndugu. Lakini Yakobo anakataa kwa adabu. Anamwambia kwamba watoto alio nao ni wachanga, na kwamba kati ya kondoo na ng'ombe wake wako wanaonyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo Esau atangulie, na yeye atafuata kwa mwendo wanaouweza wale walio mbele yake, yaani mifugo na watoto.

Wengine watasema Yakobo alikuwa akitafuta tu namna ya kumkwepa ndugu yake, kwa sababu alisema atamfuata hadi Seiri, kisha akageukia Sukothi. Inawezekana. Yakobo tunamjua, hila zake si za leo. Lakini maneno aliyosema ni ya kweli, na mchungaji yeyote wa mifugo atayashuhudia. Watu 400 wasio na mtoto mgongoni wana mwendo wao. Mwenye kunyonyesha ana mwendo wake. Msafara ukifuata mwendo wa wale 400, wa kwanza kuanguka ni mama, na wa pili ni mtoto wake.

Sasa tuje kwetu. Asubuhi mapema mtu akisimama kwenye kivuko cha Lubunga, anawaona wamama wakishuka kwenye mitumbwi. Wanaleta mihogo, sombe, makemba, mananasi, makala. Wengine wametoka mbali, kwenye mashamba ya barabara ya Opala au ya Ubundu. Ukihesabu migongo utaona kwamba mingi ina mtoto, na juu ya kichwa kuna mzigo, na mara kwa mara ndani ya tumbo kuna mwingine anayekuja. Mama huyo alilima, akang'oa, akalowesha mihogo, akaianika, akaitwanga. Akimaliza kuuza atarudi kupika. Hakuna saa hata moja katika siku yake ambayo mtoto alitengwa na kazi, wala kazi na mtoto.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa uchumi wamelipima, nalo limetufikirisha sana. Walikusanya hesabu za nchi nyingi, tajiri na maskini, za muda wa miaka karibu 200, wakauliza hivi: mama akipata mtoto mmoja zaidi, je, anaacha kazi? Matokeo yao yalitoka mwaka 2021. Katika nchi tajiri wengi wanaacha au wanapunguza. Katika nchi maskini karibu hakuna tofauti: mama anaendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Mama mwingine mwenye elimu, Claudia Goldin wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba hata kwao zamani za mashamba wanawake walikuwa wakifanya kazi nyingi. Viwanda vilipokuja na kazi ikaondoka nyumbani, wengi walioolewa waliacha, na baadaye walirudi kupitia ofisi na shule.

Mtu mwenye haraka atafurahi akisikia hivyo. Atasema: basi kwetu hakuna shida, wamama wetu wana nguvu, wanazaa Jumatatu na Alhamisi wako shambani. Tumesikia wababa wakisema maneno hayo kwa kiburi, kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Sisi tunasema kwamba anayeweza kuacha kazi ana kitu cha kumlisha akiwa ameacha. Mama wa barabara ya Opala hana. Haachi, kwa sababu akiacha, jioni hiyo hiyo sufuria inabaki tupu. Tena lazima tuulize ni kazi gani anayobaki nayo. Ni ile inayokubali mtoto mgongoni. Anaacha kusafiri kwenda kununua mchele kijijini kwa bei ndogo. Anaununua mjini kwa mwenzake, kwa bei kubwa, anauza mbele ya nyumba kwa vikombe. Anaacha meza yake sokoni kwa sababu mtoto ana homa, na akirudi anakuta mwingine amekaa pale. Hesabu ya wataalamu inasema bado anafanya kazi. Ndiyo, anafanya. Faida ndiyo imekimbia.

Kisha kuna jambo la mtaji, nalo wamama wote wa soko wanalijua bila kusoma kitabu. Mama anaanza na pesa kidogo. Anazungusha, anaingia likelemba na wenzake, zamu yake inafika, anaongeza mzigo. Baada ya miaka 2 ana kitu cha kuitwa biashara. Halafu mimba. Anapokwenda kuzaa, ikiwa kuna taabu na anapasuliwa, bili inakuja. Katika miji mingi ya Congo imejulikana kwa muda mrefu kwamba mama aliyekwisha kujifungua anazuiliwa kutoka, yeye na mtoto wake, mpaka famili ilipe. Na inalipwa na nini? Mtaji ule ule. Mama anatoka na mtoto mikononi, watu wanaimba na kumpaka poda, na siku chache baadaye anaanza tena kutoka sifuri, na mwili haujapona. Mtoto wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile. Kisha wababa tunauliza juu ya nini biashara ya wamama wetu haikui.

Serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo huko Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, na tunaomba kwamba kila mama wa Tshopo aweze kujifungua namna hiyo, mpaka kwenye vijiji vya ndani kabisa. Lakini mama anayetaka kuzaa mwezi ujao hawezi kungojea maombi yetu peke yake.

Na mtoto wa kwanza wa kike naye tusimsahau. Mama asipokuwa na mtu wa kumwachia mtoto, anamwachia dada yake mwenye miaka 9 au 10. Msichana huyo anabaki nyumbani na mdogo wake kiunoni, wakati wenzake wanakwenda shule. Kesho yeye ndiye mama asiyejua kusoma, mwenye mzigo kichwani kwenye mtumbwi. Hivyo msafara unaendelea, na tunasema ni desturi.

Tumeandika juu ya kuanguka njiani, na hatukusema kwa mfano tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa Congo yote mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima, wamama 846 walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Ni karibu mama mmoja kwa watoto 118. Uchunguzi ule ule ulisema mwanamke wa Congo, kwa uzazi wa wakati ule, angezaa watoto 6 au 7 katika maisha yake. Basi hatari ile anaivuka mara 6 au 7, na kila mara mwili umechoka zaidi ya mara iliyopita. Katika kitabu hicho hicho cha Mwanzo, sura mbili tu mbele, sura ya 35, Raheli, mke mpenzi wa Yakobo, anashikwa na uchungu njiani, bado safari kidogo kufika Efrata. Mkunga yuko. Mtoto anaishi. Raheli anakufa, anazikwa pale pale kando ya njia. Tunaosoma habari ya Sukothi lazima tusome na kaburi lile.

Wazee wetu walijua mambo haya. Kwa makabila mengi ya mto na ya msitu, mama aliyezaa hakurudi kwa bwana yake mpaka mtoto aachishwe ziwa, na kunyonyesha kulichukua miaka 2, hata 3. Wengine walikuwa wakirudi kwa mama yao mzazi muda huo. Hatusemi kila kitu cha zamani kilikuwa chema. Desturi hiyo ilitegemea kwamba bwana ana wake wengine, na sisi hatuwezi kuirudisha hivyo. Lakini ndani yake kulikuwa na akili: mtoto mmoja aimarike kwanza ndipo mwingine aje, na mama apone katikati.

Wabelgiji walipokuja, waliona watu wanapungua. Kazi ya mpira, magonjwa na safari za kubeba mizigo vilikuwa vimeua wengi, lakini baadhi yao walilaumu kunyonyesha kwa muda mrefu. Mwaka 1912 iliundwa jumuiya ya kulinda watoto weusi, ambayo iliwagawia wamama maziwa na mashauri, na wengi walifundishwa kuachisha mapema kusudi wazae tena mapema. Huko Katanga, kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza, katika miaka ya 1920, kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao, ikitoa posho kwa mama na kwa kila mtoto, kwa sababu watoto wa leo walikuwa wachimbaji wa kesho. Karibu nasi, Yakusu, Wabaptisti wa Uingereza walijenga hospitali, na watu wa mto walianza kujifungua huko. Historia hiyo imeandikwa na Nancy Rose Hunt katika kitabu kilichotoka mwaka 1999. Tunawashukuru wale waliookoa wamama kwa sindano na kisu. Wengi wetu tuko hai kwa sababu yao. Lakini tuone vizuri: mkubwa alihesabu tumbo la mama kwa faida ya kazi yake mwenyewe, na mapumziko ya mama hayakuwa ndani ya hesabu.

Baadaye ilikuja Zaire. Mishahara ya wababa ilianza kuwa karatasi tu, na wamama wakaingia katika biashara. Mwanamke mmoja mtafiti, Janet MacGaffey, alikuja mjini hapa karibu na mwaka 1980, akaandika juu ya wamama wa Kisangani waliokuwa wakinunua samaki, mchele na maharagwe, na kupakia mizigo kwenye meli kwenda Kinshasa. Walikuwa matajiri wa kweli, wengine wao. Hata hivyo sheria iliwafunga. Kodi ya famili ya mwaka 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la kisheria ambalo angejifunga kulitimiza yeye mwenyewe. Anayelisha nyumba aliomba ruhusa kwa anayelishwa! Kifungu hicho kilibadilishwa kwa sheria ya Julai 2016. Vita vya siku 6 vya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, vilipolipua nyumba zetu, tunajua ni nani waliotangulia kurudi sokoni mabomu yalipokoma.

Sasa tunataka kusema neno na wenzetu wahubiri. Wako wanaosimama mimbarani, wanachukua agizo la Mungu la kuzaa na kuongezeka, wanalipiga kama ngoma: zaeni, zaeni, uzazi wa kupanga ni dhambi ya wazungu. Sisi tunaamini watoto ni baraka, na hatutaacha kuwapigia makofi wanapoletwa mbele ya madhabahu. Lakini tumsome Hana. Alilia miaka mingi akiomba mtoto. Mungu akampa Samweli. Mwaka uliofuata Elkana alikwenda Shilo na nyumba yake yote kwa sadaka ya kila mwaka, na Hana akasema hapana, yeye hapandi mpaka mtoto ameachishwa ziwa. Ndugu, tuone hapo. Ni sadaka ya Mungu, siyo soko. Ni mwanamke mcha Mungu kuliko wote waliotajwa katika sura hiyo. Naye alibaki nyumbani, kwa miaka, si kwa siku 40. Na Elkana hakumwita mlegevu wala mpagani. Alimwambia afanye anachoona chema. Bwana wa namna hiyo ni wachache!

Basi kama Hana alipewa ruhusa ya kutokwenda Shilo, ni nani atamlazimisha mke wake kupata mimba wakati mtoto bado ananyonya? Waganga wa Shirika la Afya la Ulimwengu wanashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine. Ni ile ile miaka 2 ya wazee wetu. Mzungu hajatuletea kitu kigeni hapo, aliturudishia chetu. Mume na mke wakae pamoja, waombe, wakamwone mwuguzi, waamue. Si kazi ya shemasi wala ya nabii kulala katikati ya kitanda chao.

Tumesikia pia jibu hili: Mama Muilu, mke wa nabii Simon Kimbangu, hakupumzika. Wabelgiji walipomkamata bwana yake mwaka 1921, alibaki na wana watatu, mdogo akiwa na miaka 3 tu, na ni yeye aliyewashika waamini kwa siri miaka yote, hata bwana yake akafa katika gereza la Élisabethville mwaka 1951. Ni kweli, na jina lake ni la heshima kwa kila Mkristo wa Afrika, awe wa kanisa lile au la kanisa lingine. Lakini ni nani aliyemwondolea msaidizi wake? Ni mkoloni. Aliyoyabeba kwa kulazimishwa na mateso, sisi tusiyafanye kuwa sheria kwa wamama ambao bwana zao wako huru, wamekaa kwenye kiti, wanangojea maji ya kuoga.

Na katika habari hii hatuwezi kuwaacha dada zetu ambao hawakupata mtoto. Huku kwetu jambo hili lina historia ndefu. Uchunguzi mkubwa wa watu uliofanywa na Wabelgiji kati ya 1955 na 1957 ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi za kaskazini, kama huko Uele, wanawake wengi walimaliza umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, ambayo mara nyingi yaliletwa nyumbani na mwanaume. Lakini ni mwanamke aliyeitwa mgumba, ni yeye aliyerudishwa kwao, ni yeye aliyeitwa mchawi. Mpaka leo iko hivyo. Dada asiye na mtoto anafanya kazi kwa mikono miwili, analipia shule watoto wa kaka yake, na siku ya matanga anawekwa nyuma. Akienda kuombewa, wako wanaojiita manabii wanaomwomba pesa, kila wiki pesa, mpaka mtaji wake naye umekwisha. Kwa hiyo uzazi unamaliza mtaji wa mwenye watoto, na ugumba unamaliza mtaji wa asiye nao. Kanisa linaloombea bure liombee. Na kabla ya maombi ya wiki ya pili, bwana naye apimwe hospitalini.

Je, sheria ya nchi inasema nini kwa mama anayefanya kazi? Kodi ya kazi ya Oktoba 2002 ni nzuri ukiisoma. Mama ana haki ya kupumzika majuma 14 kwa ajili ya kuzaa, apate theluthi mbili ya mshahara wake, na akirudi apewe nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Dada zetu walio walimu na wauguzi wadai haki hiyo bila woga. Lakini ni wangapi kati ya wamama wa kanisa hili walio na mkataba wa kazi? Tukiwaomba wasimame Jumapili, benchi moja itawatosha. Kwa wengine wote, shamba halitoi majuma 14. Mto hautoi nusu saa.

Katika Kutoka sura ya 2 kuna jambo ambalo labda mmelipita. Binti Farao alimwokota Musa majini, akatafuta wa kumnyonyesha, na aliyeletwa ni mama yake mwenyewe. Binti yule akamwahidi mshahara. Mama alilipwa kwa kunyonyesha mtoto wake wa tumbo! Nyumba ya Farao, iliyokuwa ikiua watoto wa Kiebrania, ndiyo iliyotambua kwamba kunyonyesha ni kazi yenye ujira. Sisi nyumba ya Mungu tunasema mama huyu amekaa tu, ana mtoto mchanga, hafanyi kitu.

Hata ndani ya kanisa tunawachosha. Kufagia Jumamosi, kupika kwa wageni, kwaya, mazoezi ya kwaya, kufua vitambaa, kuvuka mto kwa mkesha. Tukihesabu vizuri, kazi nyingi za mikono kanisani zinafanywa na wamama wenye watoto chini ya miaka 3. Wababa tunahubiri.

Tukumbuke Yakobo alipofika Sukothi alifanya nini. Alijijengea nyumba, na mifugo akaitengenezea vibanda. Hakusema tu kwamba wanyonyeshao waende polepole. Alikata miti, akaweka kivuli. Na kivuli kinafaa kitu. Huko Nairobi, katika mtaa maskini wa Korogocho, watafiti walilipia wamama fulani nyumba ya kulindia watoto mchana, wengine hawakulipiwa, kisha wakalinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliolipiwa walipata kazi zaidi ya wenzao, na wamama wasio na bwana waliweza kufanya kazi saa chache zaidi bila mapato yao kupungua. Mama ni yule yule, mtaa ni ule ule. Kilichoongezeka ni mtu wa kumshika mtoto.

Kwa hiyo sisi mashemasi tumekubaliana mambo, na tunayaandika hapa kusudi mtu asiseme hakusikia. Chumba kidogo cha nyuma, kile kinachowekwa viti vilivyovunjika, kitasafishwa. Siku za soko, wamama wazee wawili wawili kwa zamu, wale waliokubali wenyewe, watakaa pale na watoto waliokwisha kuanza kula, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Mama ataleta uji, maji yaliyochemshwa na kitambaa. Mtoto mwenye homa asiletwe, apelekwe kwa mwuguzi. Wasichana wa shule hawatapewa zamu hata wakijitolea.

Likelemba ya wamama wenye mimba itaanza na wababa. Kila baba mwenye kazi atoe kidogo kila mwezi, na pesa hiyo haitagusa paa la kanisa wala safari ya mtu yeyote. Itatumika kwa bili ya kujifungua, na kwa chakula cha majuma 6 baada ya kuzaa, ili mtaji wa mama ubaki umefungwa katika kitambaa chake. Wahifadhi wa daftari watakuwa wamama watatu. Mmoja wao ni dada asiye na mtoto, ambaye kwa hesabu hakuna anayemzidi kati yetu.

Aliyezaa hatapangiwa kufagia, kupika wala mkesha mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Mume wake atachukua zamu hiyo, na ufagio uko nyuma ya mlango. Mabenchi mawili ya mbele upande wa kushoto, karibu na dirisha, ni ya wanaonyonyesha. Mtoto akilia katikati ya mahubiri, mhubiri atangoja.